Tengeneza Redio Yako, Tunza Masikio Yako

Je, unapenda muziki lakini mfuko umetoboka? Usijali. Gereji na kwa wauza skrepa kuna redio za magari yaliyokufa, spika na betri za pikipiki. Hebu tuviunganishe. Ila kumbuka, umeme hauna rafiki!

VIFAA
Redio ya gari yenye sehemu ya flashi, spika moja ya omu 4, betri ya volti 12, fyuzi, nyaya, tepu ya umeme na ndoo ya plastiki yenye kifuniko.

HATUA
1. Toboa kifuniko, funga spika kwa skrubu, kisha funika ndoo. Kwa nini ndoo? Spika ikiwa wazi, sauti ya mbele na ya nyuma hukatana, besi inapotea.
2. Soma karatasi iliyobandikwa kwenye redio. Redio nyingi za dukani zina waya mweusi (hasi), wa njano na mwekundu (chanya). Zile zilizokuja na gari rangi zake hutofautiana, kwa hiyo usibahatishe.
3. Unganisha nyaya mbili za spika kwenye nyaya za spika za redio. Ule wa hasi usiuguse na mweusi wa betri, utaunguza redio.
4. Unganisha wa njano na mwekundu pamoja, upitishe kwenye fyuzi, ndipo uende kwenye chanya ya betri. Mweusi uende hasi. Fyuzi iwe ya kiasi kilichoandikwa kwenye redio, na ikae karibu na betri. Usiweke msumari au waya badala yake! Nyaya zikigusana, fyuzi hukatika. Msumari haukatiki, na hapo moto unaanza.

HATARI
Maji ya betri ni tindikali. Yakikurukia, osha mara moja kwa maji mengi. Kama ni machoni, endelea kuosha na wahi hospitali. Betri ikichajiwa hutoa gesi inayolipuka, kwa hiyo ichaji mahali penye hewa, mbali na moto na sigara. Usiipasue kamwe: ndani kuna risasi, nayo ni sumu. Na maikrowevu mbovu? Achana nayo kabisa. Hata ikichomolewa inaweza kubaki na umeme wa kuua.

MASIKIO
Ndani ya sikio mna vinyweleo vidogo vya kusikia. Vikifa, havioti tena. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi saa 40 kwa wiki kwenye desibeli 80. Ukifikisha 90, zinabaki saa 4 tu! Huna kipimo? Ukilazimika kupiga kelele ili mwenzako aliye karibu akusikie, punguza. Masikio yakivuma baada ya muziki, hilo ni onyo.

JADILINI
1. Kwa nini fyuzi ikae karibu na betri?
2. Disko la shule linaanza. Mtayalinda vipi masikio yenu?