Mtu Asiye na Mtu

Andiko la kusoma: Yohana 5:1–9. Soma pia 2 Samweli 9.

Jumamosi iliyopita vijana wetu walifunga shuka jeupe ukutani wakatuonyesha filamu inayoitwa The First Grader. Waalikwa hasa walikuwa wazee wa kanisa. Waliokosa kufika, wacha niwasimulie kidogo, maana somo la wiki hii linatoka hapo.

Kimani Maruge alikuwa mtu halisi, si wa kubuni. Mwaka 2003 serikali ya Rais Kibaki iliondoa karo katika shule za msingi. Januari 2004 mzee huyu, akiwa na miaka 84, alijiunga na darasa la kwanza katika shule ya msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret. Mwalimu mkuu, Jane Obinchu, akamkubali. Guinness wakamwandika kama mtu mzee zaidi duniani kuanza shule ya msingi, na mwaka 2005 akapanda ndege hadi New York kuzungumza juu ya elimu katika Umoja wa Mataifa. Kati ya sababu alizotoa za kutaka kusoma, moja inatugusa sisi wahubiri: alitaka aisome Biblia mwenyewe, kwa sababu alishuku kwamba mhubiri hakuwa anaifuata. Nilipowaambia wazee hivyo kabla filamu haijaanza, walinitazama, wakatazamana, wakacheka sana. Ujumbe nimeupata.

Filamu yenyewe ni ya mwaka 2010 na ilipigwa hapa Kenya. Maruge anaigizwa na Oliver Litondo, ambaye wakubwa wetu wanamkumbuka akisoma habari. Watoto wa darasani ni wanafunzi wa kawaida tu, si waigizaji. Inaenda polepole, ingawa ina vipande vya mateso ya wakati wa Mau Mau ambavyo watoto wadogo hawafai kuviona.

Maruge wa kwenye filamu amefiwa na mke na watoto wakati wa vita. Anaishi peke yake. Anafukuzwa langoni, anarudi. Anaambiwa hana sare, anaenda anakata suruali yake iwe kaptula, anarudi tena. Mwalimu Jane naye mume wake yuko mbali kikazi, na shule nzima iko mabegani mwake. Halafu kuna kijana mdogo anayeshindwa kuandika namba 5. Darasa linamwacha nyuma, na mzee anainama pale kwenye dawati anamwonyesha pole pole namna ya kuichora. Hakuna anayesema kwa mdomo kwamba sasa tumekuwa marafiki. Wanakaa dawati moja tu, kila siku, mpaka siku mwalimu anapohamishwa watoto wenyewe wanafunga lango kumkataa anayeletwa mahali pake.

Lakini kabla ya kufika hapo, nje ya shule maneno yanaanza. Wazazi wananong'ona. Ati mwalimu anakula pesa kwa mgongo wa huyu mzee. Ati mzee mwenyewe anatafuta nini kwa watoto wa watu? Angalieni jambo hili: wanaonong'ona hawajawahi kukaa naye. Walioketi naye dawati moja hawanong'oni.

Sasa fungua Yohana 5. Pale birikani kuna matao matano na umati wa wagonjwa. Mtu mmoja ameugua miaka 38. Yesu anamuuliza kama anataka kupona. Wewe na mimi tungejibu, ndiyo Bwana, hata jana! Yeye hajibu hivyo. Anaeleza kwamba hana mtu wa kumsaidia kuingia majini, na kila akijikokota mwingine amemtangulia. Ukisoma haraka utadhani anatoa kisingizio. Mimi nadhani alikuwa anataja ugonjwa wake wa pili, ambao huenda ulikuwa unamuuma kuliko wa kwanza. Amezungukwa na watu mchana na usiku, na hakuna hata mmoja aliye wake.

Watu wa namna hiyo tunao. Zunguka Bobasi, zunguka Kitutu, panda mpaka Borabu. Shamba limegawanywa mpaka limekuwa kipande, kwa hivyo vijana wameenda Nairobi, Mombasa, wengine Ghuba. Magokoro amebaki na nyumba, migomba na kuku wawili. Sisemi watoto wamemtupa. Wengi wanatuma pesa kila mwezi. Pesa inaingia kwa simu, lakini simu haimshiki mkono akitoka nje usiku.

Na hapa kwetu, wapendwa, upweke wa mzee si huzuni peke yake, ni hatari ya maisha. Tuliseme kanisani bila kuzunguka. Oktoba 2021, huko Marani, kina mama wanne wazee waliuawa na kundi la watu waliowatuhumu uchawi. Mwaka 2008 watu 11 hivi, wengi wao wazee, walichomwa katika vijiji vya Kisii kwa tuhuma hizo hizo. Waliofanya hivyo hawakutoka mbali. Walikuwa majirani, watu wanaokutana sokoni.

Jambo kama hilo huanza kidogo kidogo. Mtoto anaugua, ama ng'ombe anakufa. Mtu anauliza, ni nani alionekana nje saa nane usiku? Ni yule mama anayeishi peke yake. Usingizi umemkimbia kwa sababu ya uzee, au amepatwa na ule ugonjwa wa kusahau, anatoka kumtafuta mume aliyezikwa miaka 20 iliyopita. Anaongea peke yake kwa sababu hana wa kuongea naye. Kama angekuwa na mtu, mtu huyo angesimama aseme, hapana, huyo namjua, nilikuwa kwake juzi, amechanganyikiwa kidogo na anahitaji daktari. Hana mtu. Halafu mara nyingi ukichimba chini ya tuhuma unakutana na shamba ambalo mwingine analimezea mate.

Sisi watu wa maombi tuna sehemu yetu katika hili. Akija kwako mtu anayejiita nabii akakuambia mgonjwa wako amerogwa na mama wa ng'ambo ya kijito, muulize: wewe nabii, mara ya mwisho ulikunywa chai kwake ni lini? Roho Mtakatifu hahitaji kundi la watu wenye petroli kumsaidia kazi. Na kama unayajua maneno ya namna hiyo yanazunguka kijijini kwenu sasa hivi, usingoje Jumapili. Mwone chifu, kisha uje utuone sisi wachungaji.

Nilisomea biashara kabla ya kuingia huduma, na kule tulifundishwa kuuliza kila shilingi itarudi na nini. Ukitumia hesabu hiyo, kumtembelea mzee asiyekuwa na kitu ni hasara. Soma sasa 2 Samweli 9 uone Daudi alivyopiga hesabu. Mefiboshethi ni mlemavu wa miguu, ni mjukuu wa Sauli adui yake, amejificha Lo-debari, hana jeshi wala mali ya kumpa mfalme. Daudi hakumtumia gunia la nafaka huko huko aliko. Alimleta mezani, ale pale siku zote. Kanisa letu ni hodari sana kwa gunia la nafaka, hasa Desemba tukipiga picha. Meza ndiyo inatushinda.

Kwa hivyo, kuanzia Jumatano hii, tumekubaliana na mchungaji kiongozi kwamba kila seli ichague nyumba mbili za wazee wanaoishi peke yao, washirika wetu au la. Waende wawili: mtu mzima mmoja na mtoto mmoja anayejua kusoma, wale wale, nyumba ile ile, kila wiki. Msianze na mahubiri. Kama kuna kuni za kupasua, pasueni. Akiwapa chai, kunyweni, hata kama haina maziwa. Akisimulia hadithi aliyoisimulia wiki iliyopita, sikilizeni tena. Halafu mtoto amsomee Yohana katika Biblia ya Ekegusii, sura moja kila mara. Ziko sura 21, hesabu wenyewe mtafika mwezi gani. Mzee akitaka kusoma mwenyewe, mpeni penseli na daftari, mwanze na jina lake.

Katibu wa seli alete majina ya nyumba hizo ofisini kabla ya ibada ya Jumapili. Na mkienda, piteni njia kubwa, mchana, mkisalimia watu, ili majirani wote wawaone mkiingia na mkitoka.