SOMO LA SOKO: Kiti cha kale hupinduliwa kwanza, bei baadaye

Samani za kale ni bidhaa isiyo na ubao wa bei. Hisa ina bei ya siku na mahindi yana bei ya gunia, lakini kigoda cha miaka 100 kina bei mbili tu: ile anayoitaka muuzaji na ile atakayokubali mnunuzi. Katikati ya bei hizo ndipo wenye mitaji midogo wanapopata faida au wanapopoteza akiba yao.

Somo hili linahusu viti na vigoda vya mwambao wa Afrika Mashariki, hasa vya Lamu na Unguja, ambavyo hununuliwa na wenye nyumba, wenye hoteli na wageni.

Majina matatu, bei tatu

Mnunuzi anapaswa kwanza kujua anauziwa nini. Katika uainishaji wa kimataifa wa bidhaa za forodha, fungu namba 9706 ni la vitu vya kale vyenye umri unaozidi miaka 100. Kilicho chini ya umri huo ni samani ya zamani tu, hata kama ni nzuri. Aina ya tatu ni nakala, yaani kiti kipya kilichotengenezwa kwa mtindo wa kale.

Nakala si wizi. Mafundi wa Lamu wanaendelea kutengeneza viti vya enzi vizuri na kuviuza kama kazi mpya. Wizi huanza pale nakala inapopakwa rangi ya viatu, ikasuguliwa kwa vumbi na kuuzwa kwa bei ya kiti cha babu.

Kiti cha enzi na kibao chake

Kiti cha enzi ndicho kinachojulikana zaidi sokoni. Ni kiti kirefu cha mbao ngumu nyeusi, chenye mgongo ulionyooka, sehemu zilizosukwa kwa kamba, na nakshi za mfupa au pembe zilizopachikwa. Kilikuwa kiti cha heshima, cha mwenye cheo au mgeni wa daraja.

Mbele yake huwa na kibao cha kuwekea miguu. Hiyo ndiyo sehemu iliyokanyagwa kuliko zote, na ndiyo ambayo mara nyingi hupotea au kubadilishwa. Mnunuzi alinganishe kibao na kiti chenyewe: rangi ya mbao, nyuzi zake, na jinsi kilivyochakaa. Kibao chenye kingo kali chini ya kiti kilicholainika kwa mikono ya watu ni cha juzi. Kiti hicho bado kinaweza kununuliwa, ila si kwa bei ya kiti kamili.

Ukaguzi wa dakika kumi

Kiti kipinduliwe. Sehemu ya juu imeandaliwa kwa ajili ya macho ya mnunuzi, lakini ya chini husema kweli.

Kwanza, alama za msumeno. Msumeno wa mkono huacha mistari iliyonyooka isiyolingana. Mistari ya upinde inayofuatana kwa usawa ni ya msumeno wa mashine, na kiti kinachodaiwa kuwa kazi ya mkono ya karne ya 19 kitakuwa na swali la kujibu.

Pili, skrubu. Skrubu yenye kichwa cha msalaba ilianza kuenea viwandani katika nusu ya pili ya miaka ya 1930. Ikionekana kwenye kiti kinachosemwa ni cha mwaka 1880, basi ama kiti ni kipya ama kimetengenezwa upya. Muuzaji aulizwe ni lipi kati ya hayo mawili.

Tatu, umbo. Mbao hunywea zaidi kwa upana kuliko kwa urefu wa nyuzi zake. Ndiyo sababu mguu wa mviringo wa miaka mingi, ukipimwa kwa makini pande mbili, mara nyingi huwa si mviringo kamili tena. Kigoda kilichochongwa kutoka gogo moja nacho kiangaliwe nyuzi: zinapaswa kupita bila kukatika kutoka kwenye kikalio hadi miguuni.

Nne, uchakavu. Mtu hushika ncha za mikono ya kiti, hukanyaga ubao wa mbele, hukwaruza sakafu kwa miguu ya nyuma. Uchakavu uliosambaa sawasawa kila mahali ni kazi ya msasa.

Tano, uzito. Mpingo ni mbao nzito kiasi cha kuzama majini, na moyo wake ni mweusi hadi ndani. Mkwaruzo mdogo mahali pasipoonekana ukitoa weupe, kilicho juu kinaweza kuwa rangi tu. Hata hivyo, mpingo una ganda la nje lenye weupe, hivyo mnunuzi akague sehemu zaidi ya moja.

Sita, wadudu. Matundu ya zamani yaliyojaa uchafu si tatizo kubwa. Unga mpya wa mbao unaodondoka kiti kinapogongwa unaonyesha kwamba bungua bado wamo, na watahamia kwenye samani nyingine za nyumba.

Matumizi ya nyumbani

Anayenunua kwa ajili ya sebule yake aangalie pia vipimo. Kiti cha kawaida cha kukalia huwa na kimo cha sentimita 43 hadi 46. Kigoda cha kuwekea miguu kiwe sawa na kiti au chini yake kidogo, kiasi cha sentimita 3 hadi 5. Kikizidi kiti kwa kimo, magoti yatalalamika. Aidha, kiti cha henzirani kikaliwe kabla ya kulipiwa, kwani henzirani iliyokauka hukatika ghafla.

Hesabu kabla ya kutoa fedha

Tuchukue mfano. Mfanyabiashara anaonyeshwa kiti cha zamani kwa Sh. 600,000. Usafiri ni Sh. 60,000, kusuka henzirani upya Sh. 120,000, dawa ya wadudu na polishi Sh. 40,000. Gharama yote inafikia Sh. 820,000. Anakiuza kupitia duka kwa Sh. 1,000,000, na duka linakata asilimia 15. Mkononi anabaki na Sh. 850,000.

Faida ni Sh. 30,000, yaani chini ya asilimia 4. Kama kiti kilikaa dukani miezi minane, fedha hiyo ilifanya kazi ndogo sana.

Hesabu sahihi huanzia mwisho. Mfanyabiashara anayetaka faida ya asilimia 20 agawanye Sh. 850,000 kwa 1.2, apate kama Sh. 708,000. Akitoa gharama za Sh. 220,000, bei ya juu kabisa ya kununulia ni Sh. 488,000. Muuzaji akikataa kushuka hapo, kiti kiachwe. Faida ya samani za kale hupatikana siku ya kununua. Siku ya kuuza ni ya kuihesabu tu.

Sheria na mipaka

Hapa ndipo hasara kubwa zilipo, kwa sababu mtu anaweza kupoteza bidhaa yote na kushtakiwa juu yake.

Tembo wa Afrika aliingizwa mwaka 1989 katika orodha kali zaidi ya mkataba wa kimataifa wa CITES. Kiti chenye pembe za ndovu kina masharti mazito kila mpakani. Uingereza, kwa mfano, ilianza kutekeleza sheria yake ya mwaka 2018 mwezi Juni 2022: samani ya kabla ya mwaka 1947 yenye pembe chini ya asilimia 10 ya ujazo wake ndiyo inayoweza kuuzwa, na ni lazima isajiliwe kwanza. Kwa hiyo ni vyema kutambua kilichopachikwa. Mfupa huonyesha vitundu na vidoa vidogo vyeusi. Pembe ikikatwa kwa mkingamo huwa na mistari inayopishana. Plastiki haina chochote kati ya hivyo.

Mbao nazo zina masharti. Tangu Januari 2017 jamii yote ya mpingo imo katika orodha ya pili ya mkataba huo. Samani zilizokamilika husamehewa ikiwa mbao hizo hazizidi kilo 10 kwa shehena moja. Kiti kizito cha mpingo kinaweza kupita kiwango hicho.

Tanzania Bara ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na Zanzibar ina yake. Kenya ina sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006, ambayo huhesabu kitu kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895 kuwa cha kale. Anayekusudia kuuza nje aulize kuhusu kibali kabla ya kununua, si baada ya kufunga sanduku.

Kwa wanaouza

Familia yenye kiti cha urithi isikimbilie fundi. Msasa na vanishi mpya huondoa rangi ya miaka mingi ambayo mnunuzi anailipia, na haiwezi kurudishwa. Kifutwe vumbi kwa kitambaa kikavu, kisogezwe mbali na ukuta wenye unyevu, na kisiuzwe kwa mnunuzi wa kwanza anayebisha hodi. Wakague watu wawili au watatu kwa siku tofauti. Gharama ya kusubiri wiki moja ni ndogo. Kiti kilichokwisha kuondoka hakirudi.