Cheo ni Dhamana: Sifa Zinazomjenga Kiongozi wa Ulinzi wa Sheria

Mkazi wa kata hukutana na Serikali mahali pengi: zahanati, shuleni, kisimani, katika ofisi ya mtendaji. Katika huduma hizo zote, ni ya ulinzi peke yake ambamo mtumishi hupewa mamlaka ya kumkamata mtu, kumpekua na kumfungia. Kwa sababu hiyo, tabia ya anayeongoza ulinzi humgusa kila mkazi, hata yule ambaye hajawahi kukanyaga kituo cha polisi.

Somo hili linahusu sifa za tabia zinazomwezesha mtu kuongoza vema katika kazi ya kulinda sheria, na kudumu humo kwa heshima. Linawafaa vijana wanaotamani kujiunga na Jeshi la Polisi au mgambo, na linawafaa pia wakazi wanaochagua makamanda wa sungusungu na wajumbe wa kamati za ulinzi za vijiji na mitaa. Mafunzo ya Shule ya Polisi Moshi humpa kijana ujuzi wa sheria, gwaride na silaha. Tabia huanza kujengwa mapema zaidi, nyumbani na mtaani, na ndiyo huamua ujuzi huo utatumika vipi.

Kujitawala kabla ya kutawala

Mwaka 1829 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyoanzisha polisi wa jiji la London, kwa juhudi za Waziri wa Mambo ya Ndani, Robert Peel. Viongozi wa kwanza walikuwa wawili: Charles Rowan, mwanajeshi aliyepigana vita vya Waterloo, na Richard Mayne, mwanasheria. Wakazi wa London waliliogopa jeshi hilo jipya, wakidhani ni chombo cha kuwaonea. Viongozi hao wakawavika askari sare ya buluu ili wasifanane na wanajeshi waliovaa nyekundu, wakawapa rungu badala ya bunduki, na wakaandika maelekezo yaliyotaja kuzuia uhalifu kuwa lengo la kwanza. Maelekezo hayo yalisisitiza kwamba hakuna sifa ya lazima kwa askari kuliko kuitawala hasira yake, hata anapotukanwa au kutishwa.

Hawakuishia kuandika. Katika miaka ya mwanzo askari wengi walifukuzwa kazi, na ulevi ulikuwa miongoni mwa sababu kubwa. Viongozi hao waliona afadhali wapungukiwe na watu kuliko kubaki na watu wasiojizuia. Rowan aliongoza hadi mwaka 1850, na Mayne hadi alipofariki mwaka 1868. Woga wa wananchi ulipungua kadiri walivyoona kwamba askari anaweza kutukanwa asirudishe tusi.

Hasira, hasara. Katika kata zetu msemo huo hupimwa usiku wa wizi. Ichukuliwe kwamba ng'ombe wameibwa, mayowe yamepigwa, watu wametoka na fimbo, na alfajiri amekutwa kijana mgeni njiani asiye na maelezo ya kuridhisha. Umati umemzunguka, na macho yote yako kwa kamanda wa sungusungu. Neno lake moja la ghadhabu linatosha kumwua kijana huyo. Kamanda anayejitawala husimama kati ya mtuhumiwa na fimbo, na kuamuru apelekwe kituoni bila kuchelewa, kama sheria inavyomtaka raia yeyote aliyemkamata mwenzake.

Uamuzi huo una faida hata kwa aliyeibiwa. Mtuhumiwa aliye hai anaweza kuhojiwa, akawataja wenzake, mnunuzi na mahali mifugo ilipofichwa. Aliyeuawa huenda na siri zote, na mtandao wa wezi hubaki salama. Ikiwa alikuwa msafiri asiye na hatia, kijiji kimebeba damu isiyofutika, na waliomwua wanakabiliwa na shtaka la mauaji.

Uadilifu katika mambo madogo

Rushwa kubwa mara nyingi hutanguliwa na ndogo. Huanza kwa nauli, kwa soda, au kwa fedha ya mafuta ya pikipiki anayoombwa mlalamikaji ili askari wakamkamate mtuhumiwa. Anayetoa huona kwamba ameharakisha huduma. Siku ya pili mtuhumiwa naye hutoa zaidi, na jalada hulala. Mwisho wake, haki huwa mali ya mwenye mfuko mzito, na mnyonge huacha kabisa kwenda kituoni.

Kiongozi mwadilifu huikata tabia hiyo kwenye mzizi wake. Huwaambia wakazi waziwazi, mkutanoni na kwenye ubao wa matangazo, kwamba dhamana ya polisi haiuzwi, na kwamba aliyejeruhiwa halipii kupewa fomu ya PF3 ya kwenda nayo hospitali. Akisema hivyo mbele ya askari wake, amejifunga mwenyewe pia, kwa kuwa wote watamtazama kuona kama atatenda alivyonena. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 humhesabu mtoaji na mpokeaji wote kuwa wakosaji. Mkazi aliyeombwa rushwa anaweza kutoa taarifa TAKUKURU kwa simu namba 113.

Cheo ni dhamana. Mwenye kushika dhamana hukabidhiwa kitu cha wenzake akitunze, na siku ya kukirudisha hukaguliwa. Konstebo anayepanda hadi kuwa mkaguzi, kisha mrakibu, kisha kamishna, huongezewa mali ya watu ya kutunza kila anapopanda ngazi.

Kupenda ukweli kuliko ushindi

Kiongozi wa ulinzi hushinikizwa kutoa majibu ya haraka. Duka limevunjwa, wananchi wanalalamika, na wakubwa wanauliza ni nani aliyekamatwa. Hapo hutokea kishawishi cha kumtafuta mtu wa kubebeshwa kosa badala ya kumtafuta mkosaji.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, katika Ibara ya 13(6), inakataza kumtendea mshtakiwa kama mkosaji kabla hatia haijathibitika, na inapiga marufuku mateso na adhabu za kinyama. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai nayo inataka aliyekamatwa bila hati afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo. Isipowezekana ndani ya saa 24, suala la dhamana sharti lishughulikiwe, isipokuwa kosa liwe zito.

Wapo wanaoziona kanuni hizo kuwa kinga ya wahalifu. Askari mkongwe anajua kwamba zinailinda kazi yake. Maelezo yaliyokamuliwa kwa kipigo yanaweza kukataliwa mahakamani, na kesi ikaanguka hata kama mtuhumiwa alikuwa ndiye mwizi. Na aliyekiri kwa maumivu akiwa hana kosa humpa mwizi halisi nafasi ya kuiba tena. Subira ya kuhoji mashahidi mmoja mmoja, kutunza vielelezo na kuandika maelezo kama yalivyosemwa haishangiliwi na umati, lakini ndiyo inayosimama mbele ya hakimu.

Kuwajibika hata kwa kosa la walio chini

Historia ya Tanzania ina mfano mzito wa sifa hii. Mwaka 1976, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, ulifanyika msako dhidi ya mauaji yaliyohusishwa na imani za uchawi. Baadhi ya watuhumiwa waliteswa na kufia mikononi mwa vyombo vya dola. Januari 1977 Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu. Mikono yake haikumtesa mtu, lakini jeshi lililotenda hayo lilikuwa chini ya wizara yake. Wapo viongozi wengine waliojiuzulu kwa sababu hiyohiyo.

Mwaka 1985 Mwinyi alichaguliwa kuwa Rais wa Jamhuri ya Muungano. Kukiri dhamana hakukumfutia heshima kwa wananchi, na hadi leo kujiuzulu kwake hutajwa kila unapozungumzwa uwajibikaji.

Katika kata, uwajibikaji hauhitaji barua ya kujiuzulu kila mara. Huonekana pale askari mgambo anapomwaga bidhaa za mama muuza mboga kinyume cha utaratibu, na kiongozi wake akaenda kwa mama huyo, akamsikiliza, akaomba radhi na kumchukulia mkosaji hatua. Anayewaficha watu wake huwafundisha kurudia kosa. Anayewatupia lawama zote ili yeye abaki safi huwafundisha kumficha mambo. Kiongozi bora huwatetea wanapoonewa na kuwarudi wanapokosa, nao hujua mapema kwamba atafanya yote mawili.

Sikio kabla ya sauti

Jeshi la Polisi la Tanganyika liliundwa mwaka 1919 chini ya utawala wa Waingereza, na makao makuu yake ya kwanza yalikuwa Lushoto. Jeshi la kikoloni lilijibu kwa mtawala. Jeshi la taifa huru hujibu kwa raia, na ndiyo maana ya polisi jamii na ya kuwapo kwa mkaguzi wa polisi anayehudumu katika kata. Ofisa huyo hawezi kuwa macho kila kitongoji. Macho yake ni wakazi, nao hawatamwambia wanachokiona kama hawana hakika kwamba siri yao itatunzwa.

Sungusungu walioibuka Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980 walionesha nguvu ya wanakijiji wanaoshirikiana, hata sheria ikawatambua mwaka 1989. Historia yao ilionesha pia hatari ya nguvu isiyosikiliza, pale baadhi ya vikundi vilipowapiga watu na kujifanya mahakama. Kwa hiyo kamanda hupimwa kwa anavyowasikiliza wasio na sauti: mjane aliyedhulumiwa shamba, mtoto aliyeumizwa na ndugu wa karibu, mke anayepigwa. Vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto kwa ajili ya mashauri kama hayo. Dawati hilo halitamsaidia mtoto yeyote ikiwa kiongozi wa mtaa atamwambia mama yake arudi nyumbani wakayamalize kifamilia.

Kusikiliza hakumaanishi kukubali kila neno. Chuki za majirani huvaa vazi la taarifa za siri. Kiongozi mwenye hekima hupokea, huchunguza, kisha hutenda, wala hamtaji mtoa taarifa kijiweni.

Wajibu wa mkazi

Sifa hizi hazioti pasipo udongo. Wakazi wanaomshangilia askari anayepiga, wanaotoa kitu kidogo ili wapate upendeleo, au wanaomwita mwoga kamanda aliyemwokoa mtuhumiwa, wanamjenga kiongozi wa aina hiyohiyo. Wanaodai namba ya taarifa kituoni, wanaokwenda mahakamani kutoa ushahidi, na wanaomchagua kamanda kwa utulivu wake badala ya ukali wake, nao wanajenga. Malalamiko dhidi ya askari yanaweza kupelekwa kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya, na ukiukwaji wa haki unaweza kufikishwa katika Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Kwa dharura, simu ya polisi ni 112.

Kwa kijana anayetamani kazi hii, maandalizi yanaanza leo. Atunze fedha za kikundi bila upungufu. Aseme kweli inapomgharimu. Ajifunze kunyamaza anapochokozwa. Asiyeweza kuyafanya hayo akiwa hana sare hataweza akiwa nayo, kwa kuwa sare humwongezea mtu uwezo na kumwachia tabia yake ilivyokuwa.

Maswali ya kujadili katika mkutano wa kijiji au mtaa

1. Wakati wa kumchagua kamanda wa sungusungu, ni sifa zipi hutangulizwa hapa? Je, kujitawala ni mojawapo?
2. Mtuhumiwa akikamatwa usiku, nani mwenye jukumu la kuhakikisha anafika kituoni akiwa hai?
3. Ni mambo gani huwafanya wakazi wasite kutoa taarifa au ushahidi, na kiongozi wa ulinzi afanye nini kuwaondolea hofu hiyo?
4. Askari au mgambo akikosea, wakazi wamwone nani kwanza, na wategemee kusikia nini kutoka kwake?