Sherehe Hurudi Kabla ya Afya: Mafunzo Kutoka New Orleans Baada ya Kimbunga Katrina

Jiji la New Orleans, kusini mwa Marekani, hufahamika kwa muziki wa jazi na kwa Mardi Gras, sherehe kubwa ya mitaani ambayo kilele chake huwa siku moja kabla ya mfungo wa Kwaresima. Tarehe 29 Agosti 2005 jiji hilo lilipigwa na Kimbunga Katrina. Miezi sita baadaye, tarehe 28 Februari 2006, matarumbeta yalilia tena barabarani na watu wakacheza. Mtu aliyetazama kwa mbali angeweza kudhani kwamba jiji limepona. Uchunguzi wa kitabibu ulionyesha jambo jingine: katika maeneo yaliyoathiriwa, maradhi ya akili yalikuwa yanaongezeka. Makala haya yanaeleza jinsi mambo hayo mawili yalivyotokea kwa pamoja, na yale ambayo mhudumu wa afya na mgonjwa wanaweza kujifunza.

Maafa yaliwapata akina nani

Upepo haukuwa chanzo pekee cha maafa. Sehemu kubwa ya New Orleans iko chini ya usawa wa bahari na hulindwa kwa matuta na kuta zilizojengwa kando ya mifereji. Kuta hizo zilipobomoka, takriban asilimia 80 ya jiji ilifunikwa na maji.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulihesabu vifo 986 vya wakazi wa jimbo la Louisiana vilivyotokana na kimbunga hicho. Asilimia 40 walikufa maji, asilimia 25 walikufa kwa majeraha, na asilimia 11 kwa maradhi ya moyo. Karibu nusu ya marehemu, asilimia 49, walikuwa na umri wa miaka 75 au zaidi. Takwimu hiyo ya mwisho inastahili kutafakariwa. Mzee asiyeweza kupanda ngazi, asiye na gari, anayetegemea dawa kila siku na anayeishi peke yake, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuzidiwa.

Walionusurika nao hawakuwa salama. Miongoni mwa wagonjwa 450 wa figo waliokuwa wakisafishwa damu katika vituo vya eneo hilo, asilimia 44 walikosa huduma hiyo angalau mara moja, na karibu asilimia 17 waliikosa mara tatu au zaidi. Hospitali ya Charity, iliyoanzishwa mwaka 1736 na iliyokuwa kimbilio la maskini, ilifungwa baada ya mafuriko na haikufunguliwa tena. Hospitali iliyochukua nafasi yake ilianza kazi mwaka 2015. Hivyo, kwa siku chache tu, mgonjwa wa kisukari au shinikizo la damu aliweza kupoteza nyumba, dawa, kliniki, faili lake, na daktari aliyemfahamu.

Asili ya sherehe za mitaani

Ili kuelewa nafasi ya sherehe katika jiji hili, ni lazima kufahamu kwamba ngoma na kusaidiana vimekwenda pamoja tangu zamani. Katika karne ya 19, Waafrika waliokuwa watumwa waliruhusiwa kukusanyika Jumapili mahali paitwapo Congo Square, wakapiga ngoma, wakacheza na kuuza bidhaa zao. Baadaye, watu weusi wa jiji hilo waliunda vyama vya kusaidiana. Mwanachama alitoa mchango, na chama kikamsaidia kulipa daktari, kununua dawa, na hatimaye kumzika kwa heshima. Chama kimoja cha namna hiyo, Young Men Olympian, kilianzishwa mwaka 1884 na kingali hai. Msomaji wa Afrika Mashariki atatambua hapa vyama vya kufa na kuzikana anavyovifahamu mtaani kwake.

Vyama hivyo ndivyo vinavyoandaa maandamano ya Jumapili. Bendi na wanachama hutangulia. Majirani na wapita njia hufuata nyuma wakicheza. Mazishi ya mwanamuziki au mwanachama mashuhuri hufuata utaratibu unaofanana. Kuelekea makaburini hupigwa nyimbo za huzuni kwa mwendo wa taratibu. Baada ya kuagana na maiti, muziki hubadilika na kuwa wa furaha. Huzuni hupewa nafasi yake, kisha waombolezaji hurudishwa kwa walio hai. Hakuna anayeachwa alie peke yake chumbani.

Baada ya Katrina, wakazi wengi walitawanyika hadi Houston, Atlanta na kwingineko. Baadhi yao walirudi Jumapili kwa safari ya zaidi ya kilomita 500, si kwa sababu nyumba zilikuwa zimekwisha kujengwa, bali ili kuandamana na chama chao. Huko walijua nani yu hai, nani amehamia wapi, na nani anaumwa. Kwa lugha ya afya ya jamii, maandamano yalikuwa mahali pa kuhesabiana.

Kanisa liliweza kufanya kazi hiyohiyo. Jamii ya Wavietnamu wa mashariki ya jiji, waliokuwa wamejengeana mazoea kuzunguka parokia yao, walikuwa miongoni mwa wakazi waliorejea mapema na kujenga upya mtaa wao. Walichokuwa nacho ni kufahamiana: padri na viongozi wa mtaa walijua familia ipi imekwenda wapi.

Furaha iliyorudi, maradhi yaliyobaki

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba muziki ulitibu jiji. Watafiti waliwahoji watu wazima wa maeneo yaliyoathiriwa na kimbunga kati ya mwezi wa tano na wa nane baada ya maafa, kisha wakawahoji tena mwaka mmoja baadaye. Kwa kawaida, dalili za mshtuko wa akili hupungua kadiri muda unavyopita. Hapa zilizidi. Waliokuwa na maradhi ya kiwewe yatokanayo na maafa waliongezeka kutoka asilimia 14.9 hadi 20.9. Waliokuwa na mawazo ya kujiua waliongezeka kutoka asilimia 2.8 hadi 6.4.

Sababu si ngumu kuelewa. Katika miezi ya kwanza mtu hushughulika na kuokoa maisha, na misaada huwa mingi. Baadaye misaada hupungua, nyumba haijajengwa, kazi haijapatikana, jirani hajarudi, na matumaini huchakaa. Sensa ya mwaka 2000 ilihesabu wakazi 484,674 katika jiji hilo. Ya mwaka 2010 ilihesabu 343,829, pungufu kwa asilimia 29. Kwa hiyo, aliyecheza barabarani mwaka wa pili alicheza huku wengi aliowazoea hawapo.

Hapa ndipo lilipo fundisho kuu. Sherehe hurudi kabla ya afya. Kurudi kwake ni jambo jema, kwa kuwa hukusanya watu. Lakini si ushahidi wa kupona. Mtu anaweza kucheza mchana na kukosa usingizi usiku kucha. Tabibu anayeridhika na uso wa tabasamu atampita mgonjwa wake njiani.

Mfano wa kuigwa ni New Orleans Musicians' Clinic, kliniki iliyoanzishwa mwaka 1998 kuwatibu wanamuziki wa jiji hilo. Baada ya Katrina, mbali na matibabu, ilitafuta fedha za kuwalipa wanamuziki kwa maonyesho yao, kwa kutambua kwamba mpiga tarumbeta asiye na kipato atashindwa kununua dawa, na asiye na jukwaa atazidi kuzama katika sonona.

Mambo ya kuzingatia kwa mhudumu wa afya

Pwani ya Tanzania ilionja hatari ya namna hii Mei 2024, wakati wa Kimbunga Hidaya, ambapo barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi ilikatika eneo la Somanga. Barabara ikikatika, dawa nazo hukwama. Kwa hiyo:

1. Kabla ya msimu wa mvua, orodhesha wazee wanaoishi peke yao, wajawazito, na wagonjwa wa figo, kisukari, kifafa na shinikizo la damu katika eneo lako. Shirikiana na mwenyekiti wa mtaa na mabalozi.
2. Fahamu vikundi vilivyopo: vyama vya kuzikana, vikoba, kwaya, madrasa, vikundi vya ngoma. Viongozi wake watajua mgonjwa amehamia wapi kabla ya kituo cha afya kujua.
3. Panga ufuatiliaji wa afya ya akili kwa muda usiopungua miaka miwili. Uliza kuhusu usingizi, ulevi, na mawazo ya kujiua. Kumuuliza mtu waziwazi hakumpandikizii wazo hilo. Humfungulia mlango wa kusema.

Mambo ya kuzingatia kwa mgonjwa

1. Weka dawa za ziada kadiri daktari atakavyokuruhusu, pamoja na kadi ya kliniki na orodha ya dawa na vipimo vyake, ndani ya mfuko usiopitisha maji.
2. Kama unasafishwa damu, onana na kituo chako mara tahadhari ya hali ya hewa inapotolewa. Uliza mapema utaratibu wa chakula na maji iwapo utakosa huduma. Kwa kawaida hutakiwa kupunguza maji, chumvi, na vyakula vyenye potasiamu nyingi kama ndizi.
3. Mweleze jirani mmoja na kiongozi wa kikundi chako kwamba unatumia dawa kila siku. Siri hiyo inaweza kukugharimu uhai.
4. Ukiona huzuni, hofu au ndoto za kutisha zinaendelea kwa zaidi ya mwezi mmoja, fika kituo cha afya, hata kama wengine wanaonekana wamekwisha kusahau.

Baada ya miaka 16

Tarehe 29 Agosti 2021, siku ileile ya mwaka, Kimbunga Ida kilipiga Louisiana. Safari hii kuta mpya, zilizojengwa kwa mabilioni ya dola, zilizuia maji. Lakini umeme ulikatika kwa siku nyingi, na miongoni mwa waliokufa jijini walikuwamo wazee waliozidiwa na joto ndani ya makazi yao. Uhandisi ulikuwa umetimiza wajibu wake. Mzee aliyekuwa chumbani gizani alihitaji mtu wa kubisha hodi, na mtu huyo hupatikana pale tu ambapo jina la mzee lilikwisha kujulikana kabla ya dhoruba.