UYAHUDI NA MUZIKI WA KUFOKAFOKA: SOMO KUTOKA NG'AMBO YA MALABA

Hapa shuleni wapo wanaosema ati kijana anayefokafoka amezitupa mila zake. Wahenga nao walinena kuwa mwacha mila ni mtumwa. Je, msemo huo unamhusu mfokaji? Hebu tuchunguze.

Kwanza, tuanze na jirani. Ukivuka mpaka hapa Malaba, ukaipita Tororo, utafika Mbale, mji uliopewa hadhi ya jiji mwaka 2020. Karibu na hapo wanaishi Wayahudi Waafrika waitwao Abayudaya. Mwanzilishi wao ni Semei Kakungulu, jemadari Mganda, ambaye mwaka 1919 alitahiriwa pamoja na wanawe, akajitangaza Myahudi. Idi Amin alipoipiga marufuku dini yao, wengi waliiacha. Wachache walisali kwa siri hadi alipopinduliwa mwaka 1979. Zaburi wanaziimba kwa Kiganda, kwa midundo ya kwao. Nyimbo zao zilitolewa katika albamu na Smithsonian Folkways ya Marekani mwaka 2003, ikateuliwa kuwania tuzo ya Grammy. Basi neno ni la kale, lakini sauti ni ya Mbale.

Pili, tuvuke bahari. Kufokafoka kulianza Bronx, New York, mwaka 1973, katika mitaa ya watu weusi wasio na kitu. Mwaka 1986 vijana watatu wa Kiyahudi wa jiji hilohilo, Beastie Boys, walitoa Licensed to Ill, albamu ya kwanza ya kufokafoka kushika nambari moja Marekani. Uyahudi wao haukusikika sana humo. Matisyahu alikuja kinyume. Alivaa koti jeusi, akafuga ndevu, akachanganya sala, rege na kufokafoka. Mwaka 2011 alinyoa ndevu zile. Uyahudi uliisha? La hasha! Haukuwa kidevuni.

Tatu, sisi je? Mimi ni Mteso. Nyanya yangu yuko Tororo, mama yuko Malaba. Nikisema Kiteso darasani, wengine huniita Mganda. Nikienda kwa nyanya, watoto huniita Mkenya. Wasamia wa Busia wanalijua jambo hili vizuri sana. Lakini kanuni ya mfokaji ni moja: sema wewe ni nani na umetoka wapi. Kalamashaka walifanya hivyo miaka ya 1990, wakafoka kwa Kiswahili cha Dandora, na nchi nzima ikasikiliza.

Kwa hivyo, walimu wetu wapendwa, msituzime. Anayeiga sauti ya Mmarekani na kuficha kwao, huyo ndiye mtumwa. Anayefoka kwa lugha yake kuhusu malori, magendo na nyanya yake, huyo ameibeba mila hadi mjini.

Maswali ya kujadiliana:
1. Mila hukaa wapi: katika mavazi, lugha au moyo?
2. Tunga mishororo minane ya kufoka kuhusu kwenu.