Matatu za 145 na 237

SWALI: Naishi Ruiru, hupanda matatu ya 145, binamu yangu wa Thika hupanda 237. Mwalimu, hizi ni nambari tasa? Na tasa kubwa kabisa ni ipi?

JIBU: Hakuna iliyo tasa hata moja. 145 inaishia na 5, kwa hivyo ni 5 × 29. Ya Thika ndiyo yenye hila: 2, 3 na 7, kila moja peke yake ni tasa, lakini ukizijumlisha unapata 12, ambayo hugawanyika kwa 3. Basi 237 ni 3 × 79.

Kubwa kabisa haipo. Euclid alithibitisha zamani kwamba tasa hazina mwisho. Iliyovunja rekodi Oktoba 2024, kazi ya Mmarekani Luke Durant, ni 2 kwa kipeo cha 136,279,841, kisha utoe 1. Ina tarakimu 41,024,320. Ukisoma moja kila sekunde bila kulala, utamaliza baada ya siku 475 hivi. Hata foleni ya Githurai haifiki hapo!

Ili nambari ya aina hii iwe tasa, sharti kipeo chenyewe kiwe tasa, ingawa hilo pekee halitoshi: kipeo cha 11 hutoa 2047, nayo ni 23 × 89.