Somo la Mwezi: Kuaga Kazi Kabla ya Notisi Kwisha

Masomo: Mwanzo 31, Kumbukumbu la Torati 24:14-15



Si wachache miongoni mwetu hapa Maramba waliokwenda kuajiriwa: huyu shambani, yule dukani Tanga mjini, binti wa jirani katika nyumba ya watu Dar es Salaam. Na kila baada ya muda mmoja wao hurudi usiku na begi lake, hana mshahara wala barua. Akiulizwa hujibu, "Nilishindwa, nikaondoka." Wazee humlaumu kwamba hana uvumilivu. Vijana wenzake humsifu. Somo hili halitaki kumlaumu wala kumsifu. Lataka kuuliza: mtu aliyeshindwa na kazi, aondokeje?

1. Yakobo na Labani

Yakobo alimtumikia Labani miaka 20, na mshahara wake ukabadilishwa mara kumi. Hakuna awezaye kusema hakuwa na sababu ya kuondoka. Lakini aliondoka kimya kimya, Labani akiwa amekwenda kukata manyoya ya kondoo. Siku ya tatu Labani akapata habari, akamfuata mwendo wa siku saba. Angalieni yaliyotokea: mtu aliyedhulumiwa miaka yote ile ndiye aliyepekuliwa mahema yake kama mwizi. Naye hakujua kuwa Raheli ameficha vinyago vya baba yake.

Hayo ndiyo malipo ya kutoroka. Haki yako yaweza kuwa kubwa kama mlima, lakini ukiondoka bila neno, wewe ndiwe utakayeshukiwa. Hatimaye wale wawili walikaa chini, wakasemezana, wakasimamisha mawe yawe shahidi. Hawakupendana siku ile, ila waliachana kwa mapatano.

2. Siku za kipande

Wazee wa Tanga wanaikumbuka habari ya mkonge, ulioletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Mashamba yalihitaji watu wengi, nao manamba wakaletwa kutoka mbali kwa mikataba. Wakati wa Waingereza kibarua alipewa kipande, kadi ya siku 30 za kazi, akatakiwa kuzimaliza katika muda wa siku 42. Chini ya Sheria ya Mabwana na Watumishi ya mwaka 1923, kutoroka kazini kulikuwa kosa la jinai. Mtu aliweza kushtakiwa kwa kuacha kazi tu.

Si ajabu basi kwamba watu walijifunza kuondoka usiku. Lakini zama zile zimepita. Leo hakuna askari atakayekufuata kwa kuwa umeacha kazi. Yatupasa tuache na desturi ya kutoroka, maana kilichoizaa hakipo tena.

3. Sheria ya leo yasemaje?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, yataka notisi kwa pande zote mbili. Mkataba ukivunjwa katika mwezi wa kwanza wa kazi, notisi isipungue siku 7. Baada ya hapo, anayeajiriwa kwa siku au kwa juma ni siku 4. Anayeajiriwa kwa mwezi ni siku 28. Mkataba waweza kuweka muda mrefu zaidi, mradi uwe sawa kwa mwajiri na kwa mfanyakazi. Notisi huandikwa, ikataja sababu na tarehe.

Je, asiyeweza kuzimaliza siku hizo? Sheria haimfungi mtu kwa kamba. Yampa mwajiri ruhusa ya kukata, katika fedha anazomdai mfanyakazi, kiasi ambacho angelipwa kwa siku ambazo amekataa kufanya kazi. Tuseme umetoa notisi ya siku 28, ukafanya kazi siku 10. Zimebaki 18, nazo ndizo zinazoweza kukatwa. Hii ni hesabu, wala si adhabu ya kukunyang'anya kila kitu. Siku ulizofanya kazi ni zako, na likizo uliyostahili bila kuichukua yapaswa kulipwa. Cheti cha utumishi ni haki yako pia.

Tena hakuna kinachowazuia ninyi wawili kupatana. Mwajiri aweza kukuruhusu uende mapema, hasa ukimwonyesha mtu wa kushika nafasi yako. Mapatano hayo nayo yaandikwe.

Jihadharini na jambo moja. Mkataba wa muda maalumu, kama wa mwaka mmoja, hauachwi kwa notisi hivi hivi. Kanuni za mwaka 2007 zasema mfanyakazi aweza kuuacha kabla ya wakati ikiwa mwajiri ameuvunja vibaya, au ikiwa mwajiri amekubali. Basi, soma mkataba wako kwanza.

4. Mahali pasipokalika

Yuko binti anayepigwa, au anayesumbuliwa na mwenye nyumba usiku. Huyo asihesabu siku. Aondoke kwanza, aende penye usalama, kwa ndugu au polisi. Hakuna notisi iliyo na thamani kuliko mwili wake na uhai wake. Nasi wazazi, binti akirudi hivyo, tumpokee kabla ya kumwuliza maswali.

Sheria nayo yamtambua mtu wa namna hiyo. Mwajiri akiifanya kazi isivumilike hata mfanyakazi akaacha, yaweza kuhesabiwa kwamba ni mwajiri aliyemwachisha. Kwa kawaida mfanyakazi huulizwa kama alilalamika kwanza kwa njia zilizopo, isipokuwa alikuwa na sababu nzuri ya kutofanya hivyo. Malalamiko hupelekwa kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, katika siku 30. Wengi hukaa nyumbani wakinung'unika, siku zikapita. Usikae.

5. Namna ya kuaga

Andika barua, hata ya mistari mitano, ubaki na nakala. Taja siku ya mwisho utakayofanya kazi. Rudisha funguo, sare, vifaa na fedha za watu mbele ya shahidi, na kila kitu kiandikwe; hivyo hutapekuliwa kama Yakobo. Mweleze mwenzako kazi ilipofikia. Usiondoke kwa matusi, maana wahenga walisema: usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Kazi nyingine utakayoomba, huenda wakamwuliza yule yule uliyemwacha.

Nanyi mnaoajiri, hata kama ni kibarua mmoja wa kupalilia au msichana wa kazi, neno la Kumbukumbu la Torati ni lenu. Ujira wa maskini usilale kwako, kwa kuwa anautegemea. Anayelipwa kwa wakati na kusemeshwa kwa heshima hatoroki usiku.

Kuacha kazi si dhambi, wala kuvumilia kila jambo si utakatifu. Lakini siku za notisi ni deni. Deni hulipwa kwa kazi, au kwa fedha, au husamehewa na mwenye kudai. Anayefuatwa na watu njiani ni yule aliyelikimbia.

Maswali ya kujadiliana

1. Yakobo angeweza kumwambia Labani nini kabla ya kuondoka? Labani angemsikiliza?
2. Je, wewe au ndugu yako mna nakala ya mkataba wa kazi? Notisi yake ni siku ngapi?
3. Binti akirudi kijijini amekimbia kazi, sisi wa mtaa huu tumsaidieje katika zile siku 30?